C. V. Raman na Rangi ya Bahari

Tia maji ya bahari au ya ziwa katika bilauri ya kioo, kisha uyatazame. Utaona kwamba hayana rangi. Lakini simama ufukoni wakati wa mchana, siku isiyo na mawingu, utazame mbali. Maji yale yale ni ya buluu. Je, buluu hiyo imetoka wapi?

Mabaharia wa Bahari ya Hindi wameiona rangi hiyo kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walidhani kwamba wamekwisha pata jibu lake. Mtu mmoja hakuridhika na jibu hilo. Alilijaribu kwa chombo kidogo kinachoenea mfukoni, na jaribio hilo likamfikisha kwenye ugunduzi mkubwa juu ya mwanga. Mtu huyo aliitwa Chandrasekhara Venkata Raman. Katika sura hii tutasoma habari za maisha yake na kazi yake.

Utoto na masomo

Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 katika mji wa Tiruchirappalli, kusini mwa India. Wakati huo India ilikuwa ikitawaliwa na Waingereza. Raman alikuwa mtoto wa pili katika familia ya watoto wanane. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Hakuwa mtu tajiri, lakini nyumbani mwake mlikuwa na vitabu vingi na ala za muziki. Mtoto Raman alivipenda vyote viwili, na mapenzi hayo hayakumtoka maisha yake yote.

Alikuwa mtoto mwembamba mwenye afya dhaifu, lakini mwepesi wa kuelewa. Alimaliza mtihani wa shule ya sekondari akiwa na umri wa miaka 11 tu. Baadaye aliingia katika Chuo cha Presidency mjini Madras, mji ambao leo huitwa Chennai. Mwaka 1904 alipata shahada ya kwanza, akawashinda wenzake wote katika mtihani.

Siku hizo vijana hodari wa India walipelekwa Uingereza kuendelea na masomo. Walimu wa Raman walitaka naye aende. Lakini daktari alipompima alisema kwamba mwili wake hautaistahimili baridi ya huko. Basi Raman alibaki nchini kwake. Pale chuoni hapakuwa na mtu wa kumwongoza katika utafiti. Alijitungia maswali mwenyewe, akayatafutia majibu kwa vyombo alivyovikuta katika maabara. Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 18, makala yake ya kwanza kuhusu mwanga unaopita katika upenyo mwembamba ilichapishwa katika jarida la sayansi mjini London. Mwaka uliofuata alipata shahada ya pili.

Mhasibu wa mchana, mwanasayansi wa usiku

Wakati ule kijana wa Kihindi aliyesomea sayansi hakuwa na mahali pa kuifanyia kazi elimu yake. Raman alifanya mtihani wa kuingia katika idara ya fedha ya serikali, akawa wa kwanza. Mwaka 1907 alioa mke aliyeitwa Lokasundari, na mwaka huo huo alipelekwa katika mji wa Calcutta, ambao leo huitwa Kolkata, kuwa msaidizi wa mhasibu mkuu. Kazi ilikuwa ya heshima na mshahara ulikuwa mzuri. Wengi walidhani kwamba safari yake ya sayansi imekwisha.

Siku moja, alipokuwa akisafiri kwa tramu, aliona kibao cha Chama cha India cha Kuendeleza Sayansi. Chama hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1876 na Daktari Mahendralal Sircar ili Wahindi wafanye utafiti wa sayansi kwa juhudi zao wenyewe. Maabara yake ilikuwapo, lakini watumiaji walikuwa wachache. Raman aliomba ruhusa ya kufanya kazi humo, akakubaliwa kwa furaha.

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi mbili. Alfajiri alikwenda maabara. Saa za kazi zilipofika alikwenda ofisini kushughulika na hesabu za serikali. Jioni alirudi tena maabara, akakaa huko mpaka usiku. Alifanya hivyo kwa muda wa miaka kumi hivi, isipokuwa vipindi vifupi alipohamishiwa miji mingine.

Katika miaka hiyo alichunguza sana sauti. Alitaka kujua jinsi nyuzi za fidla zinavyotetemeka. Pia alichunguza ngoma za Kihindi ziitwazo tabla na mridangam. Katikati ya ngozi ya ngoma hizo hupakwa dawa nyeusi nzito. Raman alionyesha kwamba uzito wa dawa hiyo huzipanga sauti za ngoma zipatane kama sauti za uzi wa ala. Ngoma ilimfundisha jambo ambalo lilimfaa baadaye: kila kitu kinachotetemeka kina namna yake ya kutetemeka.

Mwaka 1917 Chuo Kikuu cha Calcutta kilimpa kazi ya uprofesa wa fizikia. Mshahara wake ulikuwa karibu nusu ya ule aliokuwa akiupata serikalini. Raman alikuwa na familia ya kulisha. Hata hivyo aliuacha mshahara mkubwa, akaichagua sayansi.

Jaribio ndani ya meli

Mwaka 1921 Raman alisafiri kwa meli kwenda Uingereza kuhudhuria mkutano wa vyuo vikuu. Meli ilipopita katika Bahari ya Mediteranea, alistaajabia ubuluu mkali wa maji yake.

Wataalamu walikuwa wamekwisha eleza kwa nini mbingu ni buluu. Mwanga wa jua una rangi nyingi zilizochanganyika: nyekundu, manjano, kijani, buluu na nyinginezo. Mwanga huo unapopita hewani hugonga molekuli za hewa, yaani chembe ndogo sana zinazofanya hewa. Molekuli hizo hutawanya mwanga wa buluu pande zote kuliko mwanga mwekundu. Ndiyo sababu tukitazama juu tunaona buluu. Maelezo hayo yalitolewa na mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza, Lord Rayleigh. Yeye aliongeza kwamba bahari haina buluu yake yenyewe, bali ni kioo tu kinachotuonyesha buluu ya mbingu.

Je, jambo hilo lilikuwa kweli? Raman alirudi India katika meli iitwayo Narkunda. Katika mizigo yake alikuwa na mche wa Nicol. Huo ni mche mdogo wa madini maangavu, ambao ukigeuzwa sawasawa huuzuia mwanga uliorudishwa na uso wa maji usifike machoni. Raman alisimama juu ya meli, akaitazama bahari kupitia mche huo. Fikiri kidogo: kama bahari ingekuwa kioo tu cha mbingu, buluu ingetoweka mng'ao wa juu ya maji ulipozuiwa. Haikutoweka. Bahari ilionekana buluu zaidi kuliko kwanza.

Basi maji yenyewe hutawanya mwanga, kama hewa inavyofanya. Raman aliandika habari hizo akiwa bado ndani ya meli, na Septemba 1921, meli ilipokuwa bandarini Bombay, aliipeleka barua yake kwa jarida la sayansi huko Uingereza. Leo tunajua pia kwamba maji hunyonya mwanga mwekundu zaidi ya wa buluu. Kwa hiyo ubuluu wa bahari una sababu zaidi ya moja. Lakini Raman alikuwa amekwisha thibitisha kwamba jibu la zamani halikutosha.

Mwanga uliobadilika rangi

Aliporudi Calcutta, Raman na wanafunzi wake walianza kuchunguza jinsi mwanga unavyotawanywa na vitu mbalimbali: maji, barafu na vimiminiko vingine vingi. Mwaka 1923 mwanafunzi wake mmoja, K. R. Ramanathan, aliona jambo la ajabu. Mwanga uliotawanywa na maji ulikuwa na dalili hafifu ya rangi nyingine, ambayo haikuwamo katika mwanga ulioingia. Je, maji yalikuwa na uchafu? Viko vitu ambavyo hutoa mwanga wa rangi nyingine vikimulikwa, na hata uchafu kidogo sana wa vitu hivyo ungeweza kuwadanganya. Waliyasafisha maji tena na tena. Ile dalili hafifu ilibaki pale pale.

Mwanzoni mwa mwaka 1928 Raman na msaidizi wake, K. S. Krishnan, waliazimia kulimaliza jambo hilo. Vyombo vyao vilikuwa rahisi, na taa yao ilikuwa jua. Waliukusanya mwanga wa jua kwa lenzi ya darubini yenye upana wa sentimita 18, wakaupitisha katika chupa ya kimiminiko kilichosafishwa vizuri. Kisha walitumia vichujio viwili vya rangi. Kama vile chujio la chai linavyopitisha chai na kuzuia majani, kichujio cha rangi hupitisha rangi moja na kuzuia nyingine.

Kichujio cha kwanza waliweka kabla ya chupa. Hicho kilipitisha mwanga wa urujuani peke yake. Kichujio cha pili waliweka baina ya chupa na jicho. Hicho kilizuia urujuani, kikapitisha mwanga wa kijani na manjano. Kama mwanga usingebadilika rangi ndani ya chupa, mtazamaji asingeona kitu chochote ila giza. Lakini hapakuwa na giza. Kulikuwa na mwanga hafifu. Basi sehemu ndogo ya ule urujuani ilikuwa imegeuka rangi ndani ya kimiminiko. Walijaribu vimiminiko vingi, vyote vikatoa jibu lile lile.

Tarehe 28 Februari 1928 Raman aliutazama mwanga huo kwa spektroskopu. Hicho ni chombo kinachotenganisha mwanga katika rangi zake, kama upinde wa mvua unavyofanya. Aliona rangi ya mwanga ulioingia, kisha nafasi ya giza, kisha pembeni mwake rangi mpya. Shaka ilikwisha. Jambo hilo sasa huitwa athari ya Raman. Wakati ule ule wanasayansi wawili wa Moscow, Landsberg na Mandelstam, waliliona pia katika mawe ya kwazi, lakini Raman ndiye aliyetangulia kulitangaza.

Kwa nini mwanga hubadilika rangi? Ukitupa mpira kwenye ukuta mgumu, mpira hurudi kwa nguvu. Ukiutupa kwenye tawi la mti, tawi huyumba, na mpira hurudi ukiwa umepungua nguvu. Mwanga nao mara nyingi hutawanywa na molekuli bila kupungua, nao hubaki na rangi yake. Lakini mara chache sana, labda chembe moja ya mwanga kati ya mamilioni mengi, huiachia molekuli nguvu kidogo, na molekuli hiyo hutetemeka. Mwanga uliopungukiwa nguvu huelekea upande wa rangi nyekundu. Kiasi cha nguvu kinachopungua hutegemea jinsi molekuli inavyotetemeka, na kila aina ya molekuli ina namna yake, kama ngoma zilivyo na sauti mbalimbali. Kwa hiyo, kwa kuutazama mwanga unaotoka, twaweza kutambua kitu ambacho mwanga huo umepitia.

Tuzo ya Nobel

Raman alikuwa na hakika juu ya thamani ya ugunduzi wake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1930 alikata tiketi za meli za kwenda Sweden, yeye na mkewe, miezi kadhaa kabla ya washindi wa Tuzo ya Nobel kutangazwa. Hakukosea. Mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, akawa mtu wa kwanza wa Asia kupata tuzo hiyo katika sayansi. Tuzo ilikuwa ya Raman peke yake, ingawa Krishnan alishiriki kwa bidii katika kazi hiyo.

Baadaye Raman alisimulia habari za sherehe ile ya Stockholm. Alipokuwa ameketi ukumbini alitazama juu, akaona kwamba bendera iliyokuwa juu yake ni ya Uingereza, kwa kuwa nchi yake haikuwa na bendera yake yenyewe. Machozi yalimtoka. India ilipata uhuru mwaka 1947.

Kazi katika mji wa Bangalore

Mwaka 1933 Raman alihamia Bangalore, ambao leo huitwa Bengaluru, kuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Sayansi ya India. Alikuwa Mhindi wa kwanza kushika kazi hiyo. Mwaka huo huo msichana aliyeitwa Kamala Sohonie aliomba kusoma huko. Alikuwa amefaulu vizuri, lakini Raman alimkataa kwa sababu ni mwanamke. Mtu aliyekataa kuamini habari za bahari bila ya kuzijaribu, sasa aliamini habari za wanawake bila ya kuzijaribu. Kamala hakukubali. Alishikilia haki yake mpaka akapokewa kwa majaribio ya mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha Raman aliiona kazi yake, akakiri kwamba ni nzuri, na baada ya hapo wasichana wengine wakaruhusiwa kuingia. Mwaka 1939 Kamala Sohonie alipata shahada ya udaktari katika sayansi kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka 1948 Raman alianzisha taasisi yake ya utafiti katika mji huo huo wa Bangalore. Humo alichunguza almasi, vito, rangi za maua na jinsi macho yanavyoona rangi. Mwaka 1954 nchi yake ilimpa Bharat Ratna, nishani kubwa kuliko zote za India. Alifariki tarehe 21 Novemba 1970, akiwa na umri wa miaka 82. Mwili wake ulichomwa katika bustani ya taasisi yake, kama alivyotaka, bila ya sherehe kubwa.

Faida ya ugunduzi wake leo

Leo athari ya Raman hutumika katika maabara nyingi duniani kutambua dawa, madini na vito bila ya kuviharibu. Gari la utafiti lililotua katika sayari ya Mirihi Februari 2021 lilichukua vyombo vya namna hiyo vya kuchunguzia mawe.

Kazi nyingine mpya inafanyika katika vipande vidogo vya silikoni viitwavyo chipu. Silikoni hutengenezwa kutokana na mchanga. Katika chipu za simu na kompyuta, umeme hupita katika njia nyembamba sana. Wataalamu wamejifunza kutengeneza pia chipu ambazo ndani yake hupita mwanga, katika njia zilizo nyembamba kuliko unywele.

Mwanga ukiwa hafifu, chembe chache tu hubadilika rangi, kama Raman alivyoona. Lakini mwaka 1960 ilitengenezwa leza, taa ya pekee inayotoa mwali mwembamba wenye nguvu nyingi. Miaka miwili baadaye iligunduliwa kwamba mwanga ukiwa na nguvu ya kutosha, ule uliokwisha badilika huufanya mwingine ubadilike vile vile, na huo nao huubadilisha mwingine, mpaka mwanga mpya unakuwa mwingi. Mwanga uliobanwa katika njia nyembamba ya chipu hupata nguvu hiyo kwa urahisi. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walitumia jambo hilo kutengeneza leza ya silikoni iliyotoa mwanga mfululizo. Mwanga wake ni wa aina isiyoonekana kwa macho. Kwa njia zinazokaribiana na hiyo, wanasayansi hutengeneza ndani ya chipu mwanga wa rangi nyingine, na hata miali iliyosokotwa kama kamba au yenye umbo la pete, ili ibebe habari nyingi kwa wakati mmoja. Kazi hiyo bado inaendelea.

Tangu mwaka 1987, kila tarehe 28 Februari, India huadhimisha Siku ya Taifa ya Sayansi. Siku hiyo hukumbukwa chupa ya kimiminiko, vichujio viwili na mwanga wa jua.

Jaribio

Vifaa: bilauri ya kioo, maji safi, maziwa, kurunzi.

1. Jaza maji katika bilauri. Tia matone machache ya maziwa, ukoroge.
2. Ingia katika chumba chenye giza. Mulika bilauri kutoka upande mmoja.
3. Tazama maji kutoka ubavuni. Yana rangi gani?
4. Sasa weka karatasi nyeupe upande wa pili wa bilauri, mwanga uliopita uangukie juu yake. Mwanga huo una rangi gani? Andika ulichokiona.

Angalia: Usilitazame jua kwa macho, wala kwa lenzi, wala kwa darubini. Utaharibu macho yako.

Maswali

1. Raman alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Kwa nini hakwenda Uingereza kusoma?
3. Eleza jinsi alivyofanya kazi mbili kwa siku moja alipokuwa Calcutta.
4. Lord Rayleigh alieleza nini juu ya rangi ya bahari? Raman alilijaribu jibu hilo kwa njia gani?
5. Kwa nini Raman na wanafunzi wake walivisafisha vimiminiko mara nyingi?
6. Chora picha ya jua, kichujio cha kwanza, chupa, kichujio cha pili na jicho. Onyesha mahali ambapo mwanga ulibadilika rangi.
7. Raman alikosea jambo gani kuhusu Kamala Sohonie? Kosa hilo lilisahihishwaje?